X Nyekundu ya Mbagala

Jumatatu, 4 Agosti

Dalali Mudathir kanionyesha nyumba Mbagala. Vyumba sita, bati jipya, wapangaji wamejaa. Mwenyewe mjane, Mama Kulsumbai, anaishi Upanga kwa binti yake Narjis. Miguu inamsumbua, haji kuiona. Anataka bei ya haki. Hapo ndipo penye tatizo. Nimemwambia Mudathir sijaipenda. Alipoondoka tu nikarudi, nikamwomba mpangaji mmoja, Flaviana, fundi cherehani, namba ya simu ya mama huyo. Kanipa bila kusita. Ada ya udalali nimeiokoa.

Ijumaa, 8 Agosti

Saa saba mchana. Wanaume wako msikitini, wapangaji makazini. Mie na brashi. Nimepiga X nyekundu ukutani, kubwa, kama zile za nyumba zinazotakiwa kuvunjwa kupisha barabara. Nikajiambia hii ni biashara.

Jumatano, 13 Agosti

Upanga. Shikamoo, marahaba, chai ya maziwa. Mama keshapigiwa simu na Flaviana kuhusu X. Macho yamevimba kwa kulia. Nikampa pole. Nikasema naweza kuichukua kwa nusu bei, angalau niambulie matofali na bati. Akanishika mkono.

"Mwanangu, unajitia hasarani kwa ajili yangu?"

Nikainamisha kichwa. Kaniombea dua. Sikujua nitazame wapi.

Jumamosi, 23 Agosti

Tumeandikishana mbele ya mjumbe. Nyumba yangu! Furaha imedumu mpaka nilipofika Mbagala. Nimemkuta Flaviana anapakia cherehani kwenye guta. Miaka tisa ameishi humo. Kumbe mama kawapigia wapangaji wote, mmoja mmoja, kwamba nyumba itavunjwa na haifai kuwaficha. Kodi ya miezi iliyobaki kawarudishia. Nikamsihi Flaviana abaki, huenda barabara isije.

Akasema, "Kaka Badru, wewe umenunua matofali. Mie nina watoto watatu."

Nimemsaidia kufunga kamba.

Jumapili, 7 Septemba

Chokaa mara tatu. X bado inachungulia. Vyumba sita vitupu, nikikohoa sauti inanirudia. Nimemfuata Mudathir anitafutie wapangaji. Hakunitukana, ingawa anajua nilimzunguka. Alisema tu hawezi kumpeleka mtu kwenye nyumba ile bila kumwambia habari ya X. Nikaona sina njia. Nikamwambia ile X niliipiga mwenyewe.

Akasema dawa ni moja: niende kwa mama nikakiri, nimlipe haki yake yote. Kazi ya kumrudisha Flaviana ataifanya yeye Mudathir, na wengine watamfuata Flaviana, maana mtaa unamwamini. Hakutaja udalali wake. Nimeona aibu.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimekwenda Upanga kukiri. Maneno nimeyapanga njia nzima. Mama kanitangulia. Anasema tangu auze hapati usingizi, moyo unamsuta kwa kumwachia mtoto wa watu gofu. Basi kanitafutia fidia. Shemeji yake, Mzee Gulamali, anauza nyumba Mtoni. Kamwambia asimuuzie mtu mwingine ila mie, kwa sababu mie ni mwaminifu.

Narjis akaniongezea chai. Nikainywa. Maneno yangu yakashuka nayo.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeiona nyumba ya Mtoni. Nzuri kuliko ya Mbagala. Mzee Gulamali kanipokea kwa mikono miwili, kanikabidhi na funguo niikague kwa nafasi yangu. Mudathir kapiga simu kuuliza kama nimeshakiri. Nimemwambia mtandao unasumbua.

Nimekaa peke yangu kwenye baraza ya nyumba hiyo, nikalitafakari kosa langu kwa dhati, bila kujionea huruma. Kosa nimeliona. X ya Mbagala ilikuwa kubwa mno.

Ya Mtoni nitaipiga ndogo.