Ushindani Ulikuwa Mkali

Mkurugenzi hakuwahi kuongoza chochote maishani isipokuwa mazungumzo, ila hayo aliyaongoza vizuri. Suti ya kijivu, tai nyekundu, na sauti ya mtu ambaye chai yake huletwa na wengine. Siku bahati ilipomgusa bega alikuwa dukani kwa mtoa kopi, akivutania bei ya kadi za jina. Mbele yake walisimama vijana wawili wa kigeni, wanafunzi wa uchumi, wakichapa wasifu wao.

"Nimeshakataliwa na benki kumi na moja," alisema mmoja. "Zote barua moja: ushindani ulikuwa mkali."

"Na hujawahi kuuliza sababu?"

"Mgeni niulize sababu? Wakianza kukagua kibali changu je?"

Mkurugenzi akasahau kadi zake. Hebu fikiria mwenyewe: watu wanaokataliwa, wanashukuru, na hawaulizi! Mwizi wa kawaida akishaiba hutimua mbio. Yeye angebaki ameketi.

Wiki haikuisha, akakodi chumba ghorofa ya nne, Jumamosi tu, kwenye jengo lenye lifti na zulia. Mlangoni akabandika jina la benki ya uwekezaji isiyokuwepo popote duniani. Mapokezi akamweka shemeji yake, mke wa kaka yake, mwanamke mwenye kucha ndefu na ulimi uliozipita kucha kwa urefu. Mgeni anayetafuta nafasi ya mafunzo kazini alilipa ada ya kushughulikia kibali, akapewa maji baridi, akasailiwa dakika arobaini, na wiki iliyofuata akapata barua: ushindani ulikuwa mkali. Mkurugenzi, kwa kuwa naye ana moyo, aliongeza sentensi ya faraja: "Hata hivyo, jopo zima lilivutiwa na utulivu wako." Wengi walijibu kwa shukrani. Mmoja alileta keki.

Jumamosi ya saba akaja binti mrefu mwenye miwani. Alifika kwa ndala, viatu vya kisigino mkononi, akavivalia pale pale mlangoni.

"Shemeji," mama mapokezi alinong'ona, "huyu kaniuliza mwenye jengo ni nani. Mwombaji wa kazi na mwenye jengo wapi na wapi?"

"Huo ni umakini. Mlete."

Binti akaketi.

"Kwa nini umechagua benki?" Mkurugenzi alianza.

"Kibali changu kinaisha mwisho wa mwezi, baba. Nikikosa nafasi, narudi na sanduku langu. Na mama ameshawatangazia majirani kwamba benki ni yangu."

Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. Akamuuliza thamani ya kampuni hupimwaje. Binti alijibu dakika saba bila kumeza mate, na Mkurugenzi akaandika kila kitu, yaani: mayai, sabuni, betri ya saa.

"Vizuri sana. Una swali lolote kwetu?"

Kila usaili huishia hapo, na kila mwombaji huuliza majibu yatatoka lini. Huyu alifungua laptopu.

"Ninalo. Mnawafikiaje waombaji wa mji wa jirani? Kuna bweni la wageni arobaini huko, uchumi mtupu. Wote wamekataliwa kila mahali."

Kalamu ya Mkurugenzi ikasimama. Kwenye kioo cha laptopu zikapita picha za ukumbi, ratiba, na ada mara mbili, kwa kuwa benki ndiyo inayowafuata.

"Shida ni mlezi wao," binti aliendelea. "Anasema siku hizi kuna matapeli wanaojifanya benki."

"Watu wabaya sana hao," alisema Mkurugenzi, na kwa heshima yake niseme kwamba alimaanisha.

"Kwa hiyo anataka benki ilipie ukumbi kwanza. Anasema tapeli hatoi hata senti. Ila kama mnahitaji idhini ya makao makuu, naelewa. Ile benki nyingine italipa Jumatatu."

"Benki gani nyingine?"

"Siruhusiwi kusema, baba."

Ubaya wa kuvaa tai kila Jumamosi ni kwamba shingo huzoea, kisha kichwa nacho hufuata. Mkurugenzi alikuwa amekaa nyuma ya meza ile mpaka akaamini kuwa kweli yeye ni benki. Sasa benki nyingine imnyang'anye wageni arobaini?

"Makao makuu ni mimi," alisema, akatoa simu.

Shemeji alikohoa mara tatu mlangoni. Mkurugenzi akamwambia afunge dirisha. Mavuno ya Jumamosi zote sita yakaondoka kwa mbonyezo mmoja wa kidole, kwenda kwenye namba ya mlezi aliyoitoa binti.

Kuanzia siku hiyo simu ya mlezi haikupatikana, ya binti vilevile. Baada ya wiki mbili ikaingia barua pepe. Shemeji akaisoma kwa sauti, akinyoosha kila neno kama mtangazaji wa taarifa ya habari:

"Ndugu Mwombaji. Baada ya tafakari ya kina, tunasikitika kukufahamisha kwamba pesa ya ukumbi hairudi. Ushindani ulikuwa mkali. Bwenini kwetu tunachangia jiko watu sita, na watano walishapita kwako. Jumapili moja walisomeana barua zao wakisubiri wali uive. Wote watano walisifiwa utulivu, hata yule aliyetapika kwenye ndoo yako ya takataka. Kila mmoja amerudishiwa ada yake, na wengine uliowala tunawatafuta. Mimi nilibakiza nauli ya kwenda kwenye usaili wa benki ya kweli. Waliniuliza: tueleze siku uliyomshawishi mteja mgumu kuweka pesa. Nikawaeleza. Kibali kimeongezwa, nimeanza kazi Jumatatu. Hata hivyo, jopo zima la jikoni lilivutiwa na utulivu wako."

Lifti ikalia mlio wake, ikapita.

"Tuwashitaki," alisema shemeji.

Mkurugenzi akalegeza tai. "Wakianza kukagua kibali cha benki je?"

"Kwa hiyo hujibu kitu?"

Mkurugenzi akavuta laptopu, na kwa vidole viwili akaandika kama walivyoandika wote waliomtangulia: Asanteni sana kwa kunifikiria.