Pikipiki Iliyopasua Bomba la Ghorofani

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimeingia rasmi kwenye historia ya mabomba ya Dodoma. Mama Zipora, mstaafu wa wizarani mwenye ghorofa kule Kikuyu, kanipa bafu lake la juu nibadilishe mabomba yote. Bafu ni mtihani tu. Anajenga nyumba ya wageni huku Ipagala, na bafu likitoka vizuri, mabomba ya nyumba nzima ni yangu. Kazi ya mwaka! Nimekwisha kujiona nimevaa miwani ya jua, nawaelekeza wenzangu kwa kidole.

Kikwazo kimoja. Kaniuliza kama nina bima. Nikamjibu kwamba bima yangu ni mikono hii. Akaiangalia mikono. Hakuonekana kuridhika. Anasema fundi anayeingia nyumbani kwa mtu awe na bima ya kulipa akiharibu, na kwamba Sila anayo.

Sila! Fundi bomba mwenzangu, anavaa kofia ngumu kurekebisha koki ya jikoni. Kadi yake ya bima kaivaa shingoni kama mfanyakazi wa Bunge. Mimi nasema fundi anayekata bima amekiri mapema kwamba ataharibu. Bwana harusi gani anakwenda ukweni na wakili?

Basi nikamwonyesha Mama ujumbe wa bima kwenye simu yangu. Nikasema inalipa mali ya watu wengine ikiharibiwa. Sikudanganya. Sikutaja tu kwamba ni bima ndogo ya pikipiki. Hakuwa na miwani yake, akakubali. Mjini akili.

Jumanne, 9 Septemba

Mama Zipora kaenda msibani Kondoa. Kaniachia ufunguo. Mtu hamwachii ufunguo fundi asiyemwamini.

Mabomba ya zamani nimeyang'oa yote. Mapya bado sijayafunga, yanaweza kusubiri. Koki kuu ya nyumba sikuifunga. Iko getini chini ya kifuniko cha chuma kizito, chenye buibui. Ya nini kuhangaika? Maji ya mgao Kikuyu hutoka Alhamisi. Kila mtu anajua. Sila angeifunga, lakini Sila angefunga hata kisima kilichokauka.

Nimefunga mlango, nimerudi nyumbani. Mke wangu Anastazia kauliza kazi imeendaje. Nimemwambia aanze kufikiria rangi ya kochi jipya.

Jumatano, 10 Septemba

Asubuhi nimeamshwa na kelele za majirani. Maji yametoka, siku isiyo yake! Nikaruka kitandani. Ndoo, madumu, beseni la mtoto, sufuria ya ubwabwa, vyote nikavipanga. Nilikuwa na furaha ya kweli. Nikampita hata jirani yetu mwenye mpira mrefu.

Anastazia akaniuliza kwa upole kama huko Kikuyu nako yametoka. Nikamjibu bila shaka, tena presha ya Kikuyu ni kubwa kuliko ya kwetu. Ndoo ikafurika mbele yangu nikiitazama.

Nilipofungua mlango wa Mama Zipora, maji yalikuwa yanashuka ngazi kwa utaratibu, kama wageni waliotoka ukumbini. Dari ya jipsamu imelala juu ya makochi. Zulia linaelea. Nikakimbia getini kufunga koki kuu. Kifuniko hakikuwa kizito hata kidogo.

Nikakaa kwenye ngazi na suruali yangu imelowa. Niliogopa. Niliiona ile nyumba ya wageni ikielea pamoja na zulia, inatoka mlangoni, inakwenda kwa Sila. Mama anarudi kesho jioni.

Lakini akili yangu haijawahi kunitupa. Nina bima! Bima ndogo inalipa mali ya watu ikiharibiwa na pikipiki. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kimoja tu: pikipiki iwe ndiyo iliyoharibu.

Alhamisi, 11 Septemba

Asubuhi nimeiingiza pikipiki sebuleni na kuilaza kwa ustadi pembeni ya kochi. Nikaipaka jipsamu kidogo kwenye usukani. Ilipendeza. Ungeiona ungesema ajali.

Nikampigia Munira, wakala aliyeniuzia bima. Binti mpole, anasikiliza sana, jambo ambalo baadaye lilinisumbua. Kaja, kavua viatu mlangoni, kaona maji, kavivaa tena. Nikamweleza kwamba pikipiki ilinishinda breki, ikaingia ndani, ikapasua bomba.

Akauliza trafiki gani alipima ajali. Nikamwambia trafiki hawaingii sebuleni kwa watu. Akauliza bomba lililopasuka liko wapi. Nikamwonyesha juu. Akatazama juu, akatazama pikipiki, akatazama ngazi. Akauliza ilipandaje.

Hapo mtu mwoga angekiri. Mimi nikamwambia hizi pikipiki hupanda milima ya Kondoa na magunia mawili ya mahindi, ngazi ni nini. Akasema angependa kuelewa. Nikasema nitamwonyesha. Yeye akasema hapana, haina haja. Lakini nilikuwa nimekwisha kuiwasha.

Ngazi za chini ilizipanda vizuri sana. Hilo naliandika ili lijulikane. Kwenye kona ndipo vigae vilivyolowa vilipofanya utovu wa nidhamu. Tukarudi nyuma, mimi na pikipiki, tukang'oa kishikio cha ngazi na kuvunja kabati la vyombo.

Nilikuwa bado chini ya pikipiki nilipoona viatu vya Mama Zipora. Kawahi gari la asubuhi. Nikamwamkia shikamoo kutoka pale chini. Akaitazama dari, akalitazama kabati, kisha akaitikia marahaba, kwa sababu ni mtu aliyelelewa vizuri.

Munira akamweleza yote kwa adabu. Akasema bima ndogo ni ya ajali za barabarani na barabara haipiti bafuni. Akasema pia kwamba fundi hukatiwa bima yake mwenyewe, ya kazi yake, na kama ningekuwa nayo jana na ningesema ukweli, leo angekuwa amekuja kuangalia namna ya kumsaidia Mama. Mama akauliza kama sheria inamlazimisha fundi kuwa nayo. Munira akasema ya pikipiki ndiyo anayojua inalazimishwa. Nikadakia kwamba basi sina kosa.

Ijumaa, 12 Septemba

Mama Zipora katuita mimi na Sila. Hakufoka. Ningependa angefoka. Alisema hajali sheria inasema nini, anajali nani atarudisha dari yake. Makochi yale aliyanunua kwa kiinua mgongo chake, baada ya miaka yote ya kukaa kwenye viti vya serikali. Aliposema hivyo sikujua niangalie wapi.

Uamuzi: nyumba ya wageni ni ya Sila. Mimi natengeneza kila nilichoharibu kwa nguvu zangu, na pikipiki inalala kwa Mama mpaka nimalize. Nimerudi Ipagala kwa miguu. Nililia kidogo karibu na gereji, nikasingizia vumbi, na kwa kweli vumbi lilikuwepo.

Jioni Sila akaja nyumbani. Anatafuta msaidizi wa kazi ile ya nyumba ya wageni, siku ambazo sipo kwa Mama. Ningekuwa na njia nyingine ningemfukuza. Anastazia akamkubalia kabla sijafungua mdomo, akamkaribisha ugali na mlenda.

Jumatatu, 15 Septemba

Siku ya kwanza chini ya Sila. Kofia ngumu inanibana masikio. Lakini leo nimegundua jambo ambalo Sila mwenyewe hajaligundua, na hasira zote zimeniisha.

Nimemuuliza ile bima yake inamhusu nani. Kasema inamhusu yeye na wasaidizi wake, wakiharibu kwa bahati mbaya. Kaanza kunisomea masharti. Sikusikiliza, habari njema haina haja ya masharti. Kumbe mimi Elisante sasa nina bima! Bila kukata! Yeye analipia, mimi natulia.

Kesho tunatoboa kuta za vyumba vya juu. Mafundi umeme wamekwisha kupitisha nyaya ndani ya kuta, na umeme umewashwa. Sila kaniagiza nisiguse ukuta mpaka afike saa tatu na kifaa chake cha kutafutia nyaya. Nimecheka mpaka kofia ikaanguka. Mtu kakata bima nzima, halafu anaogopa ukuta. Ndiyo maana haendelei.

Drili nimekuja nayo nyumbani. Nitaingia saa kumi na mbili asubuhi, na kabla hajafika nitakuwa nimetoboa vyumba vyote. Mama Zipora aone mwenyewe ni nani alistahili kazi hii.