Fyuzi ya Mwalimu Skrini

Mwalimu Skrini aliizika chaki mbele ya darasa zima, bila sanda wala dua. Alilishika boksi lake kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya aliyekufa uvunguni, akalidondosha kwenye pipa la taka na kujipangusa mikono.

"Kuanzia leo," akatangaza, "fizikia ya humu ndani ni ya kubofya. Mwenye laptopu nyumbani aje nayo. Asiye nayo akae na mwenye nayo. Vumbi la chaki tuwaachie waliozaliwa zamani."

Yeye mwenyewe alizaliwa zamani kidogo, ila hilo wanafunzi waliliacha lipite. Ndio waliompa jina la Skrini, naye akalipokea kama cheo.

Nyaya, balbu na betri za maabara akazifungia kabatini. Mwalimu wa kemia, waliyetumia naye maabara hiyo hiyo, akamuuliza watoto wataujuaje umeme bila kushika waya.

"Dada yangu, wataushika kwenye kioo."

"Kwenye kioo hauunguzi, kaka."

"Ndiyo raha yake hiyo."

Bidii yote hii ilikuwa na sababu. Wilaya ilikuwa inatafuta mratibu wa kompyuta wa shule zote za sekondari, na moyoni Skrini alikuwa ameshajiapisha. Kazi ya ofisini, kiti cha kuzunguka, hakuna tena kusahihisha madaftari! Kilichobaki ni mkaguzi kuja kumwona akifundisha. Nyumbani alishaanza kuongea kama mtu anayeaga.

"Ofisi yenyewe ina zulia, mama watoto," alimwambia mkewe huku akilipiga pasi shati la siku ya ukaguzi.

"Ina soketi ngapi?"

"Soketi za nini tena?"

"Nauliza tu, baba watoto. Maana hapa ukichomeka pasi na birika pamoja, nyumba nzima tunapapasana gizani."

Skrini akacheka kicheko cha mtu mwenye shahada. Mtu anayefundisha umeme hawezi kubishana na mtu anayeogopa birika.

Siku ikafika. Mkaguzi, mzee mkimya mwenye miwani inayoning'inia kifuani, akaketi nyuma kabisa ya maabara. Skrini akafunga mapazia ili picha ya projekta ionekane vizuri, akawasha feni zote mbili, na akamnong'oneza mhudumu achemshe maji chumba cha pili somo likifika katikati, mgeni asije akakaukwa koo. Alitaka kumvisha mzee wa watu kilemba cha ukoka, na chai ilikuwa sehemu ya kilemba.

Mada ya siku: kwa nini fyuzi hukatika. Programu yake ilikuwa safi. Unaongeza vyombo vya umeme kimoja kimoja, mkondo unapanda, na mwisho fyuzi ya kuchorwa inakatika kwa cheche za rangi ya chungwa.

"Haya, fungueni laptopu zenu."

Zikafunguliwa. Nyingi zikabaki nyeusi. Jana yake kulikuwa na fainali ya mpira, na betri za wanafunzi ziliitazama mpaka penalti ya mwisho.

"Mwalimu, yangu imezima."

"Na yangu."

"Yangu ilizimia dakika za nyongeza, mwalimu."

Maabara ilikuwa na soketi moja tu iliyo nzima. Skrini hakutetereka. Akachomeka ekstensheni, na kwenye ekstensheni akachomeka ekstensheni, kisha akaazima ya chumba cha walimu na kuomba ya ofisi ya mwalimu mkuu. Nyaya zikatambaa chini ya kila meza, chaja juu ya chaja. Mwalimu wa kemia akachungulia mlangoni, akaitazama sakafu.

"Kaka..." akaanza.

Skrini akampungia mkono aende zake. Ofisi yenye zulia ilikuwa karibu mno kwa mambo ya mlangoni.

"Sasa tazameni kwa makini," akawaambia wanafunzi. "Naongeza jiko. Naongeza pasi. Mnaona mkondo unavyopanda?"

Chumba cha pili, mhudumu akawasha birika.

Pa!

Projekta ikafa. Feni zikazunguka kivivu, zikasimama. Giza likajaa maabara, na harufu ya plastiki iliyoungua ikafuata nyuma yake. Kwenye laptopu ya Skrini, ambayo angalau ilikuwa na chaji, fyuzi ya kuchorwa ilikuwa bado nzima kabisa.

"Mwalimu," ikasema sauti ya mkaguzi kutoka gizani, "hiyo umekusudia?"

Skrini akapiga hesabu ya haraka. Akisema hapana, atakuwa mwalimu wa umeme aliyekata umeme katikati ya somo la kukatika kwa umeme. Zulia likapita mbele ya macho yake.

"Nimekusudia, mzee," akasema. "Kwa vitendo."

Mdomo ukakiponza kichwa. Mkaguzi akainuka na kuyafungua mapazia mwenyewe, uso umemng'aa. Akawaambia wanafunzi wazifuate nyaya, wataje kila kilichochomekwa na kusoma kinakula umeme kiasi gani. Wakainama chini ya meza, wakabishana, wakafika mpaka kwenye birika na kushangilia kama wamempata mwizi. Kwa mara ya kwanza mwaka ule, hakuna aliyesinzia. Hesabu ilipohitaji kuandikwa ubaoni, binti wa mstari wa mbele akaenda moja kwa moja kwenye pipa la taka, lililokuwa halijamwagwa tangu maziko yale, na kumletea mwalimu wake chaki.

Skrini akaandika. Lilikuwa somo bora kuliko yote aliyowahi kufundisha, na kila mstari ulimuuma.

Baada ya kipindi, mkaguzi akamwita mwalimu mkuu, Skrini akiwa pale pale na vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi.

"Huyu mnataka kumfungia ofisini na makompyuta? Ni kumwonea. Hiyo kazi nitampa yule mama wa kemia aliyechungulia mlangoni. Huyu azunguke shule zote za wilaya awaonyeshe wenzake somo hili hili, kwa mikono yake. Kompyuta asipewe hata moja, zitamharibu."

"Asante, mzee," akasema Skrini. Angesema nini kingine? Maji yakishamwagika hayazoleki.

Jioni mkewe alimkuta sebuleni ameketi na boksi la chaki mapajani.

"Vipi, ofisi umepata?"

Akamsimulia yote, mpaka ule uongo. Alitegemea apewe pole. Mkewe akamtazama, akaenda kuleta birika, akaliweka juu ya meza, na pembeni yake akaweka pasi.

"Basi kabla hujaanza kuzifundisha shule za watu, mwalimu, tuanzie hapa nyumbani," akasema. "Chagua kimoja."