Lugha ya Bibi Niliyoitunga Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa isimu amekuja tena kibandani kwangu kuchongesha ufunguo. Anaandika kitabu cha kuwaeleza watu wa kawaida lugha ni kitu gani. Nimeuliza kuna nini cha kueleza, si tunaongea tu? Akacheka, akasema ndiyo maana anaandika. Nyusi zake, jamani! Kisha akasema Jumamosi anahamia mbali, kwenda kuwarekodi wazee ambao lugha yao inakaribia kufa. Mdomo ukafunguka wenyewe, nikadai kwamba mimi ndiye mzungumzaji wa mwisho wa lugha ya bibi yangu. Uongo mtupu. Bibi alisema Kiswahili, tena kingi kuliko majirani walivyotaka. Kesho anakuja na kinasa sauti.

Jumanne, 4 Machi
Nimetunga maneno tangu alfajiri. Dada yangu amenikuta nikiongea na birika, akauliza kama nina homa. Mwalimu ameketi kwenye kigoda cha wateja, karibu kabisa. Kichwa? Jicho? Moto? Nimejibu bila kupepesa. Akaomba sentensi ndefu. Nikatoa moja: "Zemo lakua nidu sefe." Nikamwambia ni habari za mvua. Si za mvua hata kidogo. Ni lile nisilothubutu kumwambia kwa Kiswahili.
Mpiga picha wa duka la jirani ametuchungulia dirishani, uso umemvimba. Wivu hauna dawa.

Alhamisi, 6 Machi
Ameniuliza maneno yaleyale, safari hii kayapangua. Jicho limekuwa goti. Moto umekuwa shemeji. Ile sentensi tu ndiyo sikuikosea. Hakubisha. Akanieleza kwamba hakuna lugha isiyo na utaratibu, na hata mtoto mdogo akikosea, mara nyingi hukosea kwa kufuata kanuni aliyoigundua mwenyewe. Ningemsikiliza mpaka funguo zote zishike kutu.
Balaa! Mpiga picha amejipenyeza, akadai naye alifundishwa lugha hiyohiyo na nyanya yake. Mwalimu amefurahi mno. Kesho tuongee wawili, yeye arekodi.

Ijumaa, 7 Machi
Mpiga picha akabwabwaja. Nikambwabwajia. Akanionyesha mlango, nikamwonyesha ngumi. Hatujawahi kuelewana vizuri namna ile. Mwalimu akacheka mpaka akazima kinasa sauti. Kumbe alijua tangu Jumanne: kila neno langu liliishia kwa irabu, na sauti zote zilikuwa za nyumbani.
"Hata ukidanganya, fundi, unadanganya kwa Kiswahili."
Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akasema kwamba maneno mengine yote niliyasahau, ila ile sentensi ya mvua niliirudia vilevile kila alipoiomba. Mtu hashiki hivyo kitu kisicho na maana. Akaniuliza kwa upole ina maana gani. Mpiga picha akatoka nje kutupisha. Hata yeye!
Nikasema, "Ufunguo wako uko tayari, mwalimu."

Jumapili, 9 Machi
Ameondoka jana. Kigoda kitupu, na mteja akitaka kukikalia namwambia kimevunjika. Nimemkumbuka mpaka chakula hakipiti. Jioni nimempigia simu, nimeapa kusema yote kwa Kiswahili safi. Akapokea. Sauti ile! Nikamweleza kwamba babu yangu wa upande wa mama alikuwa na lugha ya miluzi.
Kisha akauliza, taratibu, kama akirudi nitaweza kumpigia hiyo miluzi. Nikasema bila shaka, aje hata kesho.
Sijui kupiga mluzi.