Mjeledi wa Ijumaa Kuu

Jumamosi, 28 Machi

Lydie bado yuko kwa dada yake Germaine, huku huku Kampemba. Mke wangu! Kisa ni ngozi ya ng'ombe niliyoiloweka katika sufuria yake ya kusongea bukari. Sufuria niliiosha. Mara mbili! Ila bukari ilitoka na manyoya.

Yaya André, kaka yangu mkubwa, kaja asubuhi. Anasema jambo ni jepesi: twende kwa Germaine sisi wawili, yeye aongee, mimi nitamke neno moja tu, "nilikosa", mke arudi. Nimekataa. Mimi Casimir, fundi wa mijeledi ninayejulikana na wafugaji wote wa barabara ya Kipushi, nikainamishe kichwa kwa sababu ya sufuria?

Nina mpango bora. Ijumaa Kuu parokia itaigiza Njia ya Msalaba barabarani. Lydie ndiye Veronika, yule mama anayempangusa Yesu uso. Katekista Aimé anatafuta mjeledi wa askari. Kasema uwe wa kitambaa, usije ukaumiza mtu. Kitambaa! Nitasuka wa ngozi, mikanda minane, na nitaushika mwenyewe. Lydie akiona kazi yangu mbele ya watu wote, atarudi bila mtu kutamka lolote.

Jumapili, 29 Machi. Matawi

Nilimwambia Aimé kwamba Hénoc, aliyepewa uaskari, ana malaria kali. Kumbe Hénoc alikuwa kwenye kwaya, mstari wa mbele, anaimba kwa sauti ya kupasua vioo. Aibu. Lakini nina bahati: Hénoc mwenyewe hataki kumpiga Bwana, hata kwa mchezo. Uaskari ni wangu!

Yesu ni Paulin, mshona nguo. Lydie kasema, mimi nikisikia, kwamba Paulin ana ndevu nzuri. Ndevu zangu hajawahi kuzisema. Nimerudi kwa miguu, hasira njia nzima.

Jumanne, 31 Machi

Mvua. Kila msukaji anajua: ngozi ikitoka majini unaifunga kwenye gunia, unangoja maji yapungue, ibaki na unyevu tu. Ukiisuka ikiwa imevimba, itasinyaa ikikauka, na mjeledi utaachama. Marehemu baba alinifundisha hivyo, na kofi juu yake.

Lakini nani ana muda wa kungoja? Nimesuka huku inachuruzika. Mjeledi mnene, umebana, hauna mwanya hata mmoja. Baba alipenda kukuza mambo.

Alhamisi, 2 Aprili

Nimeukausha juu ya mbabula, makaa mekundu. Umeachama. Kidole kinapita kati ya mkanda na mkanda. Nifumue nisuke upya? Ijumaa ni kesho! Nimeziba mianya kwa mafuta ya ng'ombe. Sasa unang'aa. Unanuka kidogo.

Nimekula bukari ya jana nikiwa nimesimama. Nyumba imekuwa kubwa mno. Ninamkumbuka Lydie mpaka kifua kinauma. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 3 Aprili. Ijumaa Kuu

Mbwa! Hilo sikuliwaza. Tulipofika kituo cha pili walikuwa nyuma yangu, pua juu, wanafuata mafuta. Kituo cha nne, wamekuwa kundi. Waamini wakaanza kucheka. Siku kama ya leo! Aimé akaninong'oneza nikitupe hicho kitu. Nitupe vipi? Lydie alikuwa hajatokea.

Kituo cha sita akatokea, kitambaa mkononi, machozi ya kweli. Akampangusa Paulin polepole, polepole mno. Hakunitazama hata kidogo. Nikaamua kuupiga mjeledi hewani, juu ya vichwa vyao, ulie, ageuke.

Haukulia. Ulifunguka. Mkanda mmoja ukanasa kilemba chake ukakivuta hadi chini, na mbwa akakimbia na vyote viwili. Lydie akabaki kichwa wazi, nywele hazijasukwa, mbele ya parokia nzima.

Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini: «Casimir, miye nilikuwa nakungoya tu, wewe na André. Fimbo iko ya kazi gani?»

Paulin akavua joho lake akamfunika. Alisulubiwa akiwa na kaptula.

Jumamosi, 4 Aprili

Sijatoka nje. André kaja na habari. Jumatatu Germaine anakwenda Pweto kununua samaki wakavu, na Lydie anaondoka naye. Atakaa kwa wajomba zao, na hakuna anayejua hadi lini. Lakini kesho baada ya misa watakuwa nyumbani, wanatungoja. Ni nafasi ya mwisho.

André kanishika bega. «Neno moja tu, mudogo yangu. Kisha unanyamaza.»

Nimekubali. Nimelia kidogo. Nimepiga shati pasi.

Jumapili, 5 Aprili. Pasaka

Viti vilikuwa vimepangwa uani. Lydie alikuwa amesuka nywele. Kwa ajili yangu! André aliongea vizuri, hata Germaine akalegea. Kisha wote wakanigeukia. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi.

Nikafungua mdomo, nikaeleza mvua. Nikaeleza ngozi na unyevu wake. Nikaeleza habari za mbwa wa Kampemba wasiofungwa. Nikasema Paulin naye ana sehemu yake ya kosa, alisimama vibaya. André alinikanyaga mguu. Sikuwa nimefika kwenye mafuta Lydie alipoinuka, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

André alirudi akiwa mbele yangu. Hakugeuka.

Jumatatu, 6 Aprili

Nilikwenda kwenye gari la Pweto. Lydie alikaa dirishani, akatazama upande wa pili mpaka likaondoka. Nilibaki pale kama mtu aliyesahau alichofuata. Sijawahi kuwa na huzuni hivi.

Lakini nikiwa njiani nimegundua kosa! Lydie hajaona kazi yangu halisi. Aliona ule ulioachama tu. Nimetoa ngozi nzuri kuliko zote, iko kwenye gunia, na safari hii nitangoja. Mikanda kumi na miwili, mpini wa shaba. Nitampa mchuuzi wa samaki aupeleke Pweto, umefungwa kwa karatasi ya zawadi, jina la Lydie juu. Nitamwagiza ufunguliwe mbele ya wajomba wote, wapate kujua ni mume wa namna gani anayemngoja nyumbani.