Makochi ya Huruma Katika Nyumba Yangu

Njoka Kivuti,
Mtaa wa Dallas, Embu.
Jumanne, 11 Juni 2013

Kwa Mzee Hezekiah,
Mwenyekiti, Ushirika wa Majumbani.

Mzee wangu katika Bwana,

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA MAKOCHI NILIYOPEWA KWA HURUMA

Pokea salamu zangu. Natumaini goti lako limepata nafuu na mahindi yako yameota kuliko yangu.

Kama unavyojua, tangu nistaafu ukarani nimejitolea kupamba nyumba kwa mabaki ya samani za kale. Nasema za kale, sisemi mbovu. Mlango wa kabati ndio meza yetu ya chakula. Droo mbili zisizo na kabati zimepigiliwa ukutani, moja ya Biblia, moja ya redio. Na pale juu, mahali ambapo wengine hutundika kalenda, nimemtundika Mzungu. Mzungu ni kiti chenye miguu mitatu, zamani minne, ambacho Marete, muuza vitu vikuukuu, aliniapia kilitoka kwa mlowezi wa Timau. Hakiketiwi. Kinatazamwa.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya nyumba yangu kupokea ushirika. Mliimba, mkaomba, mkanywa chai, mkaenda zenu. Jumapili iliyofuata nikasikia ukiwaomba waumini wamkumbuke ndugu yetu mmoja ambaye ameuza vitu vya nyumba mpaka amebaki na droo. Mzee, nilifumba macho nikamwombea huyo maskini kwa moyo wote. Amina yangu ilisikika mpaka kwa kwaya. Ndipo mke wangu, Karambu, aliponifinya.

Malalamiko yangu nayaweka kwa namba, kama nilivyozoea ofisini.

1. Mlikuja Jumamosi na pikapu, mkiimba, na juu yake seti nzima ya makochi ya kahawia, pamoja na vitambaa vyeupe vya kusuka kumi na vinne. Dallas yote ilitoka kwenye mageti. Mtu aliyegonga mihuri ya serikali kwa miaka thelathini na moja alipokea msaada mbele ya majirani akiwa amevaa kaptula.

2. Dada Nelius, kwa upendo tu, alikuta mguu wa meza ya mvule nyuma ya jiko, akaupasua, akawachemshia wageni chai. Mguu ule nilikuwa nimeutafutia nafasi sebuleni kwa miezi saba. Chai niliinywa kabla sijaambiwa, nikaongeza kikombe cha pili. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo linaloniuma.

3. Fundi Riungu alimshusha Mzungu ukutani bila ruhusa, akampigilia mguu wa nne wa mukima, mti wa kawaida wa shambani, kisha akanikaribisha niketi. Niketi juu ya historia, Mzee?

4. Sasa makochi yanataka kuvunja nyumba. Kwa miaka minne Karambu aliketi kwenye nusu ya benchi la kale na sikumsikia akilalamika. Nilidhani anaipenda. Nilipomwambia makochi yatarudi kanisani, alinijibu kwa upole, na ninyi hamjui upole wa watu wa kwao Igembe unavyotisha, kwamba yakitoka mlangoni naye atatoka nayo, aende kwa kaka zake kule Kangeta. Jumamosi hii wakwe wanakuja kutoka Muthara, mara ya kwanza, kwa ajili ya binti yetu Wambeti. Wambeti amenipigia simu akilia. Anasema baba wa Bundi, huyo mchumba wake, ni mtu wa kilo mia na kumi, na anaogopa tutamkalisha kwenye kitu kilichovunjika tangu enzi za mkoloni. Mimi pia naogopa, lakini si uzito wa mtu. Naogopa kusimama mlangoni peke yangu, wageni waniulize mama mwenye nyumba yuko wapi.

5. Kwa hiyo, baada ya kutafakari, naomba kamati ifanye yafuatayo: makochi yaondolewe kabla ya Ijumaa, Riungu aje ang'oe mguu wake, itangazwe kanisani kwamba mimi si maskini bali ni mpenda historia, na wazee watatu waje kumsihi Karambu abaki. Tena, ili wakwe wasinione wa ajabu, waumini wote wa Dallas watoe makochi yao nje wiki hii na kuketi kwenye droo. Wageni wakipita njiani wakachungulia, wataona ni desturi ya mtaa. Sidhani ni jambo kubwa kwa watu waliozoea kufunga na kuomba.

Nisalimie kwaya, kina mama, watoto wa Sande Skuli, na Riungu pia, ila kidogo. Salamu nyingi zaidi mpe mlinzi wa kanisa, kwa kuwa ndiye peke yake ambaye hakuchangia.

Ni mimi wako katika imani na katika historia,

Njoka Kivuti
Karani Mstaafu

N.B. Kabla sijapata bahasha, Riungu amefika kung'oa mguu wake, maana nilikuwa nimempigia simu asubuhi kwa hasira. Amemgeuza Mzungu, akabandua kipande cha gunia kilichopigiliwa chini ya kiti. Chini ya gunia kuna maandishi ya penseli: NJOKA KIVUTI, FORM TWO B. Kando yake, kwa kalamu nyekundu ya mwalimu wa useremala: alama 31 kwa 100, miguu hailingani, rudia. Nimempigia Marete, naye amekumbuka kwamba huenda alikinunua shuleni kwetu walipouza takataka za stoo. Karambu ameyasoma maandishi mara mbili, akajitupa kwenye kochi, akacheka mpaka akalia. Halafu hakuacha kulia. Nimeketi kando yake, mbele ya Riungu, nikamwomba msamaha wa miaka minne. Mzee, makochi yasiondolewe. Karambu anauliza kama mna meza.