Sweta Nne kwa Ajili ya Ombui

Jumatatu, 7 Julai

Na bado nasema ni mapenzi! Beverlyne, dadake mume wangu, anasema ni malaria. Wivu tu. Wiki ya sita ya ndoa, na moyo wangu unaenda mbio Ombui wangu akiingia mlangoni. Unaenda mbio pia akitoka. Leo umeenda mbio nikikamua ng'ombe, Ombui akiwa mjini Keroka! Mikono ikatetemeka, nikamwaga nusu ndoo. Mama mkwe ameniomba nisimsingizie ng'ombe.

Jumatano, 9 Julai

Nyansiongo nzima imevaa jaketi kwa baridi. Mimi natokwa na jasho. Ombui alinishika mkono, akauliza mbona ni moto kama chapati. Nikamwambia ni kwa sababu yake. Alitembea na tabasamu siku nzima, maskini.

Shida moja: sketi inaniteremka. Nakula obokima, ugali wetu, kuliko Ombui, ndizi juu yake, maziwa juu ya ndizi, na bado nimepungua kilo tisa.

Halafu Mama akapiga simu kutoka Keumbu. Yeye mwenyewe hawezi kuja. Kwetu mama hakurupuki kwenda kula kwa mkwe. Anamtuma mdogo wake, mama mdogo Mong'ina, Jumapili, aone ninavyokaa. Maana yake aone nilivyonenepa! Akinikuta hivi, atasema Ombui hanilishi. Nitarudishwa Keumbu mpaka wazee wa pande zote wakae. Na wazee wetu wakikaa, wanakaa kweli.

Nitengane na Ombui? Siku mbili tu nitakufa.

Alhamisi, 10 Julai

Nimepata dawa. Sweta! Tatu zangu na moja ya Beverlyne, ambaye hajaambiwa. Juu yake gauni pana. Shingoni nitafunga skafu, maana kuna uvimbe mdogo unaopanda na kushuka nikimeza, na kidani cha harusi kinabana. Nimejaribu mbele ya kioo. Mnene, tajiri, mke wa mtu!

Jumapili, 13 Julai

Ee Mungu wangu.

Ilianza vizuri. Mama mdogo alishuka kwenye pikipiki, akanizunguka mara mbili, akasema, "Naona umeshika mwili, mwanangu." Ombui akavimba kifua. Nikaenda kuleta chai.

Jua likatoka. Jua, Nyansiongo, Julai! Jasho likanitoka kama mfereji, moyo ukapiga mpaka masikioni. Nikaanguka na birika.

Mama mdogo alinirukia akaanza kunivua. Gauni. Sweta ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Baba mkwe, ambaye kwa heshima yetu hafai kuniona hata bila kitambaa kichwani, aliruka ua akapotelea kwenye shamba la majani chai. Ya nne, Beverlyne akapiga kelele: "Hiyo ni yangu!"

Nikabaki mimi na mifupa yangu.

Mama mdogo akamgeukia Ombui, akamuuliza, "Mtoto wetu mmemfungia chakula?" Ombui, karibu alie, akaapa kwamba nakula kama wanaume watatu na hajawahi kulalamika. Mpenzi wangu!

Ndipo skafu ikadondoka. Mama mdogo akatazama shingo. Sauti yake ikashuka. Akasema dada yake mwingine, marehemu sasa, alikuwa na uvimbe kama huo, na kesho ni hospitali, pamoja na Ombui.

Jumanne, 15 Julai

Jana walinitoa damu, leo tukarudi. Daktari, mama mpole, alinyoosha vidole vyangu akaweka karatasi juu. Karatasi ikacheza. Akasema tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi: ndiyo sababu ya moyo mbio, jasho, kutetemeka, kukonda huku nikila. Inatibika. Vidonge kila siku, nisiache hata nikijisikia vizuri, na nirudi kupimwa damu. Nikifikiria mtoto, nimwambie kwanza.

Nikamuuliza kama vidonge vitamaliza mapenzi. Alivua miwani. Ombui akatazama dari.

Akaeleza pia kwamba tezi ikilegea mtu huona baridi, huchoka, hunenepa, hulala sana. Nilisikiliza kwa makini SANA.

Alhamisi, 17 Julai

Nimemeza vidonge vyote kwa wakati. Mama mdogo ameeleza Keumbu, hakuna wazee watakaokaa. Nabaki na Ombui!

Sasa Beverlyne: shali mabegani, usingizi mchana, kiuno kile. Nimemwambia kwa upendo kwamba tezi yake imelala. Amesema yuko na baridi kwa sababu mtu fulani bado ana sweta yake. Ombui naye alisinzia nikimsomea barua zetu za uchumba. Dalili tupu! Jumatatu nampeleka Ombui kwa daktari.

Jioni nilimpigia Mama. Nimemwahidi kwamba kabla mwezi huu haujaisha nitaenda Keumbu kumsalimia, na ataona nilivyonenepa.

Daktari anasema mwili utarudi polepole. Mwezi una siku kumi na nne tu zilizobaki.

Sweta tatu zitatosha.